Jinsi ya Kuunganisha Amplifaya Ndogo ya Gitaa na Boksi la Spika Nyumbani

Amplifaya ndogo ya gitaa, ile ya wati 5 hadi 20 ambayo wapigaji wengi huiweka chumbani, mara nyingi ina uwezo mkubwa kuliko sauti tunayoisikia ikitoka. Kinachoibana ni spika ya inchi 6 au 8 iliyofungwa ndani ya kasha dogo, ambalo halina nafasi ya kuzifanya noti za chini zisikike kwa ukamilifu. Amplifaya hiyohiyo ikiunganishwa na boksi lenye spika ya inchi 10 au 12, nyuzi nene hupata uzito, nyuzi nyembamba hupoteza ule ukali unaokera masikio, na mpigaji huanza kusikia mguso wa vidole vyake ambao awali ulikuwa unapotelea kwenye kasha.

Kazi yenyewe ni ya waya mmoja na dakika chache. Hata hivyo, amplifaya huungua kwa sababu waya huo ulichomekwa kabla ya kuulizwa maswali mawili: amplifaya hii inataka omu ngapi, na waya huu ni wa spika au ni wa gitaa? Wanaoanza huulizia wati kwanza. Wati zina umuhimu wake na nitazieleza, lakini katika amplifaya ndogo ya nyumbani ni nadra wati kuharibu kifaa. Omu na waya ndivyo vinavyoharibu, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo hayo mawili.

Vinavyohitajika ni amplifaya, boksi la spika, waya wa spika wenye plagi zinazolingana na matundu ya vifaa vyote viwili, na mita ya umeme inayopima omu. Betri ndogo ya volti 1.5 itasaidia ikiwa boksi lina spika zaidi ya moja. Boksi nalo liwe la gitaa. Spika ya gitaa hutengenezwa makusudi ili itoe masafa ya takriban hezi 80 hadi 5,000 na kuyaacha yaliyo juu zaidi yafifie, na kufifia huko ndiko kunakoufanya mkwaruzo wa gitaa la umeme, yaani sauti iliyosukumwa hadi ichafuke, upendeze. Spika za sebuleni zina kispika kidogo cha sauti kali kinachotoa kila kitu, hivyo mkwaruzo uleule hugeuka kuwa mchakacho usiovumilika, na kispika chenyewe kinaweza kuungua.

Hatua ya kwanza: tambua tundu sahihi la kutolea sauti

Geuza amplifaya uangalie mgongo wake kwa tochi. Matundu yote huenda yakafanana kwa ukubwa, kwa kuwa karibu yote hutumia plagi ya milimita 6.35, ila kazi zake ni tofauti kabisa. Tundu unalolitafuta limeandikwa "SPEAKER" au "EXT SPEAKER", na kando yake mara nyingi pana namba ya omu. Tundu lililoandikwa "PHONES" ni la vipokea sauti vya masikioni, na lililoandikwa "LINE OUT" hupeleka sauti dhaifu kwenye mikisa au kompyuta. Hayo mawili hayana nguvu ya kusukuma spika. Ukichomeka boksi hapo utapata sauti hafifu, au hutapata sauti kabisa, na sakiti ndogo iliyo nyuma ya tundu hilo inaweza kuzidiwa na mzigo.

Amplifaya nyingi ndogo hazina tundu la nje, ingawa zina spika ya ndani. Chungulia kwa nyuma. Ikiwa spika ya ndani imeunganishwa kwa waya wenye plagi, kama ilivyo kwenye amplifaya nyingi za valvu, kazi imekwisha nusu: unaichomoa plagi hiyo na kuichomeka ya boksi mahali pake. Ikiwa nyaya zimeshikizwa kwenye spika kwa vibanio bapa vya kuvuta, bado unaweza kuzitoa na kuziunganisha na tundu jipya, mradi vishikio hivyo viko mahali unapofika bila kufungua sehemu yenye umeme. Nyaya zikiwa zimechomelewa kwa risasi na sehemu yenyewe imejificha nyuma ya bati la sakiti, mpelekee fundi. Ndani ya amplifaya ya valvu mna kapasita zinazohifadhi mamia ya volti hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani, na volti hizo zinaua. Sisemi hivi kwa kutishia. Mtu asiyejua namna ya kuzimaliza chaji hizo hapaswi kuingiza mkono humo.

Ukiwa bado nyuma ya amplifaya, jiridhishe kama ni ya valvu au ya transista, maana kanuni ya omu inategemea jambo hilo. Valvu ni zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya machungwa baada ya amplifaya kuwashwa. Kuna amplifaya zinazochanganya, zenye valvu moja mwanzoni na transista mwishoni. Hizo zihesabu kuwa za transista, kwa sababu kinachohusika na spika ni sehemu ya mwisho inayotoa nguvu.

Hatua ya pili: linganisha omu

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme unaotoka kwenye amplifaya. Spika za gitaa huwa na omu 4, 8 au 16. Namba hiyo hubandikwa kwenye sumaku ya spika au huandikwa kando ya tundu la boksi, na amplifaya nayo huandikwa omu inazozitaka.

Kama maandishi ya boksi yamefutika, pima. Chomeka waya wa spika kwenye boksi, upande wa pili uuache huru, kisha gusisha ncha za mita kwenye ncha ya plagi na kwenye shina lake, yaani sehemu ndefu ya chuma iliyo nyuma ya ncha. Usitarajie kuona namba kamili. Mita hupima ukinzani wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, kwa umeme wa betri yake, ilhali omu zilizoandikwa ni za umeme unaobadilika wa sauti, ambazo huwa juu kidogo. Spika ya omu 8 husoma takriban 6 hadi 7, ya omu 4 husoma zaidi kidogo ya 3, na ya omu 16 husoma kati ya 11 na 13 hivi. Mita ikisoma sifuri, kuna shoti kwenye waya au kwenye boksi, na boksi hilo lisiguse amplifaya yoyote mpaka shoti ipatikane. Isiposoma chochote, waya umekatika au koili imeungua.

Sasa linganisha. Kwa amplifaya ya transista, omu zilizoandikwa ni kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Iliyoandikwa omu 4 inaweza kuendesha boksi la omu 4, 8 au 16 bila madhara, ila kadiri omu zinavyopanda nguvu hupungua. Isichoweza ni kushuka chini ya 4, na sababu yake inaonekana wazi ukipiga hesabu. Chukua amplifaya ya wati 20 kwenye omu 4: hutoa karibu volti 9, na mkondo unaopita ni ampea 2.2 hivi. Ukiipa boksi la omu 8, kwa volti zilezile mkondo hupungua hadi nusu na nguvu hubaki wati 10 tu, hivyo transista hufanya kazi kwa raha. Ukiipa omu 2, volti hizo zitataka kusukuma ampea 4.5, mara mbili ya mkondo ambao transista na fyuzi zilipangiwa, na joto hupanda haraka. Amplifaya yenye ulinzi mzuri hujizima, na isiyo na ulinzi huungua.

Kupungua kwa nguvu hadi nusu kusikuogopeshe. Masikio hayahesabu hivyo. Nusu ya wati ni upungufu wa desibeli 3, tofauti ambayo mtu huisikia ila haimshtui, na spika kubwa iliyo bora huifidia yote na kuzidi.

Amplifaya ya valvu ina tabia nyingine. Kati ya valvu na spika kuna transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo hutengenezwa kwa kukisia kwamba upande wa pili pana omu maalumu. Hivyo tundu la omu 8 lipewe boksi la omu 8, na la omu 16 lipewe la omu 16. Kama kuna swichi ya kuchagua omu, iwekwe kwenye namba ya boksi kabla ya kuwasha. Amplifaya kadhaa za valvu huvumilia tofauti ya kiwango kimoja, lakini uvumilivu huo hutofautiana kati ya chapa na chapa. Kijitabu cha kifaa chako kisiporuhusu, usijaribu.

Lililo baya kupita yote kwa amplifaya ya valvu ni kuwashwa na kupigwa bila spika yoyote. Amplifaya ya transista ikikosa spika hukaa kimya tu. Ya valvu huendelea kusukuma nguvu kwenye transfoma, na nguvu hiyo ikikosa pa kutokea, volti hupanda ndani ya transfoma kiasi cha kuruka cheche na kutoboa kihami cha nyaya zake. Transfoma ya kutolea sauti ni miongoni mwa sehemu za gharama kubwa kabisa ndani ya amplifaya. Kwa hiyo boksi liunganishwe kwanza, swichi ya umeme baadaye, na utaratibu huo usivunjwe hata siku moja.

Hatua ya tatu: piga hesabu ikiwa kuna spika zaidi ya moja

Spika mbili zenye omu sawa zikiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, omu hugawanywa kwa mbili: mbili za omu 8 huwa omu 4. Zikiunganishwa kwa mfuatano, umeme ukipita katika ya kwanza ndipo uingie ya pili, omu hujumlishwa: 8 na 8 ni 16. Boksi la spika nne kwa kawaida huchanganya njia zote mbili, jozi mbili za mfuatano zikiunganishwa sambamba, na matokeo yake ni omu zilezile za spika moja. Ndiyo maana maboksi mengi ya spika nne za omu 16 huandikwa omu 16.

Hesabu hii inahitajika mahali pamoja ambapo watu husahau. Amplifaya yenye spika ya ndani na tundu la spika ya nje inaweza kufanya moja kati ya mambo mawili unapochomeka boksi: kuizima spika ya ndani, au kuiacha iendelee kulia sambamba na boksi. Ikiwa ni hili la pili, spika ya ndani ya omu 8 pamoja na boksi la omu 8 ni omu 4, na amplifaya iliyoandikwa omu 8 kuwa kiwango cha chini tayari imezidiwa. Kijitabu husema ni ipi kati ya hizo mbili. Maandishi yaliyo kando ya tundu nayo huwa dokezo zuri, kwa sababu tundu linalolia pamoja na spika ya ndani huandikwa omu za boksi linaloruhusiwa kuongezwa.

Vivyo hivyo kwa matundu mawili nyuma ya boksi. Mara nyingi yameunganishwa sambamba ili boksi la pili lifuate kutoka la kwanza, lakini kwenye maboksi ya stereo kila tundu ni la spika zake peke yake, na swichi moja hubadilisha omu za boksi zima. Pima kila tundu kwa mita katika kila nafasi ya swichi, uandike matokeo kwenye kipande cha karatasi na kukibandika nyuma ya boksi.

Hatua ya nne: angalia wati

Wati za boksi ziwe nyingi kuliko za amplifaya. Ninapendelea spika ipewe ziada ya kutosha, angalau mara moja na nusu ya wati za amplifaya, na kwa mpigaji anayependa sauti ya mkwaruzo, mara mbili. Sababu ni kwamba wati zilizoandikwa kwenye amplifaya hupimwa sauti ikiwa bado safi. Amplifaya inaposukumwa hadi ikwaruze, mawimbi yake hukatwa vilele na kukaribia umbo la mraba, na wimbi la mraba hubeba hadi mara mbili ya nguvu ya wimbi safi la kimo hichohicho. Amplifaya ya wati 15 inayokwaruza sana inaweza kupeleka karibu wati 30 kwenye koili ya spika.

Wati za spika hazikuambii italia kwa nguvu kiasi gani. Hizo hueleza kiasi inachostahimili tu. Kinachoeleza ukubwa wa sauti ni desibeli zinazopimwa kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Mfano mzuri ni spika mbili mashuhuri za Celestion: ile iitwayo Blue inastahimili wati 15 na hutoa desibeli 100, ilhali Greenback inastahimili wati 25 na hutoa desibeli 98. Yenye wati chache ndiyo yenye sauti kubwa zaidi kwa amplifaya ileile. Anayeishi karibu na majirani na anataka amplifaya ifike kwenye mkwaruzo wake bila kupiga kelele atafute spika yenye desibeli chache, kwa mfano 95 au 96.

Spika mbili zenye omu sawa hugawana wati sawasawa, kwa hiyo Greenback mbili katika boksi moja hustahimili wati 50. Usichanganye spika za omu tofauti ndani ya boksi moja, kwa sababu zikiwa sambamba yenye omu chache hubeba mzigo mkubwa na kuungua mapema.

Hatua ya tano: chagua waya wa spika

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasome taratibu. Waya wa gitaa na waya wa spika unaweza kuwa na plagi zilezile, urefu uleule na rangi ileile, na mtu aliyezoea kuchomeka chochote kilicho karibu hataona tofauti. Tofauti iko ndani. Fungua kifuniko cha plagi kwa kukizungusha, ukivute nyuma juu ya waya. Ukiona uzi mmoja mwembamba wa shaba katikati uliochomelewa kwenye ncha ya plagi, umezungukwa na ganda la plastiki, na juu yake wavu wa nyuzi laini za shaba zilizosokotwa pamoja na kuchomelewa kwenye shina, huo ni waya wa gitaa. Ukiona nyaya mbili nene zinazolingana, kila moja na ganda lake, moja kwenye ncha na nyingine kwenye shina, huo ni waya wa spika. Plagi zilizozibwa kwa plastiki hazifunguki, lakini waya wenyewe kwa kawaida umeandikwa ubavuni, na maneno ya kuutambulisha ni "SPEAKER CABLE".

Wavu ule wa shaba umewekwa kuikinga ishara dhaifu ya gitaa dhidi ya mvumo wa umeme wa nyumba. Ishara ya gitaa ni sehemu ndogo ya volti na mkondo wake ni kama haupo, hivyo uzi mwembamba unatosha. Mkondo wa spika, kama tulivyoona katika hesabu, unaweza kupita ampea 2. Uzi mwembamba huukinza, hupata joto, na hula nguvu iliyopaswa kufika kwenye spika. Joto likizidi, plastiki hulainika, uzi wa kati hugusa wavu, na shoti kamili hutokea amplifaya ikiwa inafanya kazi. Uzi ukikatika, amplifaya ya valvu hujikuta haina spika, na madhara yake yamekwisha kuelezwa hapo juu. Kuutumia waya wa gitaa kwa dakika moja ili kujaribu si salama kwa sababu tu dakika hiyo ilipita salama.

Waya wa spika wa nyumbani uwe na nyaya za milimita 1.5 za mraba. Kwa urefu wa mita 2, ukinzani wake wa kwenda na kurudi ni chini ya omu 0.05, kiasi kisicho na athari yoyote mbele ya spika ya omu 4. Zaidi ya unene huo ni hiari, na waya wa bei ya juu wenye sifa za kishairi kwenye pakiti yake hautafanya kitu ambacho waya huo wa kawaida hauwezi. Unaweza hata kujitengenezea kwa waya wa umeme wa nyaya mbili zenye nyuzi laini na plagi mbili imara za chuma: chomelea waya mmoja kwenye ncha katika plagi zote mbili na mwingine kwenye shina, kisha thibitisha kwa mita kwamba ncha inasoma ncha, shina linasoma shina, na kati ya ncha na shina hapasomi chochote.

Baadhi ya maboksi hutumia tundu la Speakon, lililobuniwa na kampuni ya Neutrik, ambalo plagi yake huzungushwa hadi ijifunge. Ni tundu bora kwa kazi hii, kwa sababu haliwezi kuchomoka mtu akiukanyaga waya, wala haliwezi kupokea waya wa gitaa kwa makosa. Waya wenye Speakon upande mmoja na plagi ya milimita 6.35 upande wa pili unapatikana.

Tahadhari moja ya amplifaya ndogo za kisasa: zipo ambazo nyaya zote mbili za kutolea sauti zina umeme, na hakuna ulio wa ardhi. Kwa hizo, shina la plagi ya chuma lisiguse bati la amplifaya nyingine wala kifaa chochote chenye waya wa ardhi, na boksi moja lisiunganishwe na amplifaya mbili kwa wakati mmoja. Ushauri huo ufuatwe kwa amplifaya zote.

Hatua ya sita: unganisha na uwashe

Zima amplifaya na uchomoe plagi yake ukutani. Kama ilikuwa inafanya kazi, iache ipoe kwa dakika chache. Weka boksi mahali pake, kisha amplifaya juu yake au kando yake, ukihakikisha matundu ya hewa ya amplifaya hayajazibwa. Chomeka waya wa spika kwenye boksi kwanza, halafu kwenye amplifaya, ukisukuma mpaka usikie mlio mdogo wa plagi kukaa. Plagi iliyoingia nusu ni shoti inayosubiri. Vuta kidogo uone kama inashika.

Rudisha vitufe vyote vya sauti sifuri, chomeka gitaa kwa waya wa gitaa, kisha chomeka umeme na uwashe. Amplifaya ya valvu yenye swichi ya pili ya kusubiri iachwe ipate joto kwa takriban dakika moja kabla ya kufunguliwa. Pandisha sauti kidogo, piga nyuzi, sikiliza. Unapaswa kusikia sauti safi isiyokatika. Ongeza polepole, na baada ya dakika kadhaa shika waya wa spika kwa vidole karibu na plagi zote mbili. Ukiwa na joto lolote, zima, kwa maana ama si waya wa spika au kiungo cha plagi kimelegea.

Waya wa spika usichomekwe wala kuchomolewa amplifaya ikiwa imewashwa. Plagi ya milimita 6.35 inapopita tunduni inaweza kugusisha nyaya mbili kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuunguza transista.

Hatua ya saba: hakikisha spika zinasukuma upande mmoja

Boksi la spika moja halihitaji hatua hii. Lenye spika mbili au zaidi linaihitaji, hasa kama liliwahi kufunguliwa. Spika moja ikiwa imegeuzwa chanya na hasi, koni yake, yaani ule uso wa spika unaotikisika, hurudi nyuma wakati mwenzake anakwenda mbele, hewa iliyosukumwa na mmoja hunyonywa na mwingine, na besi hutoweka.

Chomoa waya wa spika kwenye amplifaya, uuache kwenye boksi. Gusisha chanya ya betri ya volti 1.5 kwenye ncha ya plagi na hasi kwenye shina, kwa sekunde moja tu. Utasikia mkwaruzo mfupi na kuona koni ikisogea. Mwendo wenyewe ni mdogo, chini ya unene wa kucha, hivyo toa kitambaa cha mbele kama kinatoka, au tazama kutoka nyuma na uweke ncha ya kidole juu ya koni bila kukandamiza. Koni zote zikitoka mbele kwa pamoja, kila kitu ni sawa. Moja ikirudi nyuma, badilisha nyaya zake mbili mahali zinaposhika spika hiyo. Spika kadhaa za zamani za JBL zilitengenezwa zikienda nyuma kwa chanya, na zikiwa zote za namna hiyo hakuna ubaya. Kinachotakiwa ni zikubaliane.

Hatua ya nane: weka boksi mahali pafaapo

Spika ya gitaa hurusha sauti kali kwa mstari ulionyooka, kama tochi inavyorusha mwanga. Boksi likiwa sakafuni likielekea miguu yako, unasikia besi na kukosa ukali, hivyo unaongeza trebo, na aliyekaa kwenye kochi mbele ya boksi ndiye anayeumia. Liinamishe kidogo kwa nyuma au lipandishe kwenye kiti imara hadi spika iyaelekee masikio yako, kisha ndipo ugeuze vitufe. Boksi lililoegemezwa kwenye kona ya kuta mbili huongeza besi, wakati mwingine kupita kiasi. Lisogeze nusu mita mbele, usikilize tena. Boksi lililo wazi nyuma linahitaji nafasi kati yake na ukuta, kwa sababu nusu ya sauti yake hutokea huko, ilhali lililozibwa halidai nafasi na besi yake ni kavu zaidi.

Kuhusu masikio, hesabu ni fupi na nzito. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda hadi nusu. Kwa hiyo desibeli 100 ni za dakika 15 tu, na tumekwisha kuona kwamba spika moja nzuri hufika huko kwa wati 1. Amplifaya ya wati 5 chumbani si kitu kidogo.

Sauti isiposikika vizuri

Ukimya kamili: zima kwanza, halafu pima boksi kupitia waya wake kama ilivyoelezwa katika hatua ya pili. Mita ikisoma namba inayotarajiwa, tatizo liko kwenye amplifaya au gitaa. Isiposoma, badilisha waya kabla ya kulaumu spika, kwa sababu plagi ndizo huharibika mara nyingi zaidi. Mvumo usiokoma hata sauti ya gitaa ikiwa sifuri kwa kawaida hautoki kwenye waya wa spika. Angalia waya wa gitaa na soketi ya ukutani, na usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ya umeme ili kuondoa mvumo, maana mguu huo ndio unaokulinda wewe uliyeshika nyuzi za chuma. Sauti inayokwaruza kwa kiwango cha chini na kusikika kama karatasi inayotikisika huashiria koni iliyopasuka au koili inayosugua sumaku. Isukume koni polepole kwa vidole vilivyotandazwa pande zote mbili za kitovu, na ukisikia msuguo, spika hiyo inahitaji koni mpya au kubadilishwa. Harufu ya kuungua ikitokea wakati wowote, zima ukutani papo hapo bila kugusa waya wa spika, na amplifaya isiwashwe tena hadi fundi aifungue.